Mnara wa Wapiga Mizinga Uliouacha Masaki

Baba Zuhura, mume wangu uliyelala Masaki ya Kisarawe,

Mnara wako umesimama tena. Umezinduliwa Jumamosi iliyopita mbele ya watu wengi kuliko waliokuja kukuzika, na mimi nilikuwepo. Najua hungetegemea. Miaka kumi na moja ya mwisho ya uhai wako sikukanyaga pale. Na miaka hii saba tangu uondoke nimekuja kaburini kwako mara nyingi, nikapalilia, nikakusalimia, nikageuka kurudi Kibaha bila hata mara moja kuvuka zile hatua thelathini hadi kwenye mnara.

Nakuandikia kwa sababu hapa Mkuza, Kibaha, sina wa kumsimulia. Zuhura yuko Dodoma na kazi yake. Hunipigia kila Jumapili, ananiuliza presha, ananiuliza kama maji yanatoka, na nikianza habari za vita ananiambia, "Mama, hayo yameshapita." Jirani yetu yule Mhaya mwenzangu alihamia kwa mwanawe, kwa hiyo Kihaya changu nakizungumza na kuku. Mkate mzima siumalizi siku hizi, unaota ukungu, hivyo dukani wameshazoea kunikatia nusu. Nikipiga chafya hakuna wa kuniambia pole. Wewe ulikuwa unasema hata ukiwa chooni.

Basi nikae na wewe kidogo, nianze mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na saba mlipopiga kambi nyuma ya kibanja chetu cha ndizi kule Kagera. Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka tulikokimbilia, nyumba haina mlango, migomba imekatwakatwa. Mama aliposikia miguu ya askari aliniingiza uvunguni. Ndipo nikasikia mtu anapiga hodi kwa Kiswahili cha pwani, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Ulikuwa wewe. Ulisema, "Shikamoo mama. Tuko watano, tunaomba maji tu." Mama akakuuliza mbona wenzako hawaitikii. Ukamjibu kwamba wanne ni wageni, wapiga mizinga kutoka Msumbiji, wamekuja kutusaidia, na wewe umepangwa kwao kuwa mkalimani na mpeleka ujumbe kwa kuwa ulikuwa umeishi Mtwara na ulikuwa unaokota maneno yao.

Nawakumbuka wote wanne. Inasio, yule mrefu, aliyekuwa hakai chini kula. Alishika sahani mkononi, akala amesimama akiangalia barabarani. Tomasi aliyekuwa akishona vifungo vya wenzake na siku moja akashona na gauni langu lililochanika begani, mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukimbie. Zefania aliyeimba kwa sauti ndogo kama mbu. Na Alberto ambaye hakuzungumza na mtu, alizungumza na mbuzi wa mama. Mzinga wao ulikuwa umefunikwa majani ya migomba, na asubuhi ukungu ukiwa bado chini ungedhani ni kilima kidogo kilichoota nyuma ya nyumba.

Mama aliwapikia ndizi na maharage siku tisa. Wewe ulikuja kuomba maji kila siku, hata siku ambazo nilikuona kwa macho yangu ukiyamwaga yaliyokuwamo ndooni ndipo uje.

Kisha mkasonga mbele. Tulisikia ngurumo siku nyingi, halafu hatukusikia. Uliporudi ulikuwa peke yako. Ulisimama mlangoni, mama akakutengea kigoda, hukukaa. Ulisema, "Nilitumwa nyuma na karatasi. Niliporudi sikuukuta mzinga, wala wao." Hukusema zaidi ya hapo siku ile, na katika miaka yote tuliyoishi hukuwahi kuongeza maneno mengi juu ya hayo. Mama alikushika mkono akakwambia, akianza na Kihaya, "Waitu, mwanangu, nami nina wangu ambaye sijamkuta."

Alikuwa anamsema Deo. Kaka yangu.

Nimekaa na jina hili kooni muda mrefu, Baba Zuhura. Nitalifikia.

Ulinichukua baada ya vita. Tulifunga ndoa bomani, mimi na rozari yangu na wewe na kofia yako, tukashuka hadi Kisarawe. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni akawaambia majirani, "Wenzake wamerudi na redio. Wangu karudi na mke mmoja na wafu wanne." Niliona aibu nikataka kulia, lakini alikuwa amesema kweli. Kabla hata hatujapata kitanda chetu wewe ulikuwa unabeba mawe kwenda shambani, juu pale penye mikorosho. Nilikuuliza kwa nini usiwajengee kulekule walikofia. Ukasema, "Kagera siwezi kufika kila mwaka. Acha wao waje Kisarawe."

Nilikusaidia kuchota maji ya kuchanganyia saruji. Ulihesabu makarai kwa lugha yao, um, dois, três, ukifika kumi unaanza upya kwa sababu mbele ya kumi hukuwa unajua. Juu ukaweka kipande cha bomba la chuma kama mdomo wa mzinga. Ukanisimamisha ukaniuliza, "Kwenu ni upande gani?" Nikanyoosha kidole kule jua linakozamia, nikakisogeza kidogo kulia, na wewe ukalielekeza bomba pale nilipoonyesha. Mwaka wa pili nyuki wakaingia ndani yake. Mama yako akacheka mpaka akashika mbavu, akasema sasa huo ndio mzinga wa kweli, angalau utatupa asali. Hata wewe ulicheka. Ulikuwa hucheki sana, ndiyo maana naikumbuka siku hiyo.

Tulipohamia Kibaha ulipopata kazi, tulikwenda pamoja kila mwaka. Mimi na ndoo ya chokaa, wewe na panga la kufyekea. Ulikuwa unapaka upande wa majina mwenyewe, hukuniruhusu. Inasio. Tomasi. Zefania. Alberto. Majina manne bila ya baba zao, kwa sababu kwenye mzinga, ulisema, hakuna aliyemwita mwenzake majina mawili.

Halafu mama yangu akafa. Nilikwenda kumzika, na shangazi akaniambia neno alilolisema mwishoni, kwamba Deo asiachwe bila alama. Nilirudi Mkuza na neno hilo. Tulipofika Masaki mwaka ule, ulikuwa umepiga magoti unapaka herufi za Alberto, nikakwambia, "Chini yake pana nafasi. Ongeza Deo."

Hukugeuka. Ulisema, "Huu ni wa wapiga mizinga, Mama Zuhura."

"Deo naye ameuawa na vita hivyohivyo."

"Najua."

"Sasa?"

Ndipo ukageuka, brashi inadondosha chokaa kwenye goti lako, ukasema, "Mimi sikumjua."

Nilitembea mpaka barabarani nikakuacha na ndoo. Tangu siku ile ulikwenda peke yako. Uliporudi nilikupa maji ya kuoga na chakula, nilikufulia shati lenye chokaa, lakini sikukuuliza habari za huko, na wewe hukunisimulia. Tuliishi vizuri, watu watasema hivyo na hawatakuwa wamesema uongo. Ila kulikuwa na siku moja kila mwaka ambayo nyumba hii ilikuwa na watu wawili ambao hawajui waseme nini.

Sasa nikwambie nilichopaswa kukwambia siku ile ulipokuwa umepiga magoti. Deo alikuwa ananizidi miaka miwili. Aliogopa bunduki kiasi kwamba alikuwa anaziba masikio hata kwa fataki. Alikuwa na mwanya, na alipenda kunidanganya kwamba mwanya ule aliununua mnadani. Tulipokimbia, bibi yetu alibaki, miguu yake haikuweza. Tulikuwa tumeshavuka mto na tumekaa salama wakati Deo aliposema anarudi kumchukua. Mama alimkatalia. Mimi nilimwambia, "Nenda, utarudi kabla ya giza." Ndiyo, Baba Zuhura, ni mimi niliyemwambia nenda. Bibi alikutwa hai, jirani alikuwa amemficha. Deo hakukutwa, si hai wala maiti. Hatukumzika, hatukukaa matanga, na mama alimwekea chakula pembeni hadi nilipoolewa. Ulipokuwa unapaka chokaa majina ya wageni kila mwaka nilifurahi nawe, kwa sababu niliwapenda. Ila nilikuwa nahesabu pia. Mwaka mmoja, miwili, ishirini. Ulipokataa nilisikia umemfukuza mlangoni.

Ulipofariki nilikaa ndani na wanawake huku unapelekwa makaburini, na nilifikiri, sasa mnara hauna mtu. Nisikufiche, nilifikiri hivyo na sikuumia. Mwaka jana Shemeji Ramadhani alinipigia. "Shemeji, tawi la mkorosho limeangukia mnara wa kaka. Umepasuka, upande wa majina umemwagika wote." Nikamwambia, "Sawa, shemeji." Akasubiri niongeze neno. Nikamwambia anisalimie watoto, nikakata simu.

Miezi ikapita, akapiga tena. Kulikuwa na mabadiliko katika sauti yake. Alisema wastaafu wa jeshi wa pale Kisarawe wamesikia habari za mnara, wameongea na kijiji, wanataka kuujenga upya na kualika watu kutoka Msumbiji. "Wanataka majina, shemeji. Mimi nakumbuka la Tomasi tu. Hakuna anayeyajua tena isipokuwa wewe."

Nilimwambia nitamjibu. Sikumjibu siku tatu. Nilizunguka humu ndani, nikafagia palipofagiwa. Nilijua kwamba nikinyamaza, wanne wale wataisha kama alivyoisha Deo, na kwamba safari hii atakayekuwa amewaacha bila alama ni mimi. Siku ya nne nikampigia nikamtajia. Aliandika mkononi, nilimsikia akirudia herufi. Baada ya hapo nilikaa kwenye kiti chako mpaka adhana ya adhuhuri, nimechoka kama niliyelima.

Jumamosi nilitoka mapema. Kituoni Kwa Mathias nilipata gari la Mbezi, nikaunganisha hadi Kisarawe, na Shemeji Ramadhani akanipokea stendi na pikipiki. Nilikuwa nimevaa kitenge kile cha bluu. Kulikuwa na maturubai mawili, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, na wazee wenzako na medali zao. Mnara umejengwa kwa matofali ya kuchoma, una ngazi tatu na jiwe jeusi lililochongwa. Ni mzuri. Si wako, lakini ni mzuri. Bomba walitaka kulitupa, Ramadhani akawazuia, akawaambia kaka yake asingekubali.

Walinikalisha safu ya nne. Sikuwalaumu, hakuna aliyekuwa ananijua. Hotuba zikasomwa. Walishukuru kijiji, wakashukuru wafadhili, wakamshukuru mzee mmoja aliyeujenga kwanza kwa moyo wa uzalendo. Mzee mmoja. Jina lako halikutajwa, labda karatasi ilikuwa imekatika pale, sijui. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Katikati ya umati ule nilikuwa peke yangu kuliko ninavyokuwa hapa Mkuza nimefunga mlango.

Wageni kutoka Msumbiji walikuwa watano. Mmoja alikuwa mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye chale za kizamani usoni. Hakusubiri ratiba iishe. Kipaza sauti kilipokuwa kinahangaikiwa aliinuka akapita kati ya viti akiuliza kila mtu, "Mwenye mume aliyejenga hapa yuko wapi?" Kiswahili chake kilikuwa cha kusini, alikipata Mtwara utotoni walipokimbilia kwetu wakati wao wanapigania nchi yao. Mtu akanionyesha kwa kidole. Alikuja akakaa kwenye kiti cha jirani yangu bila kuomba.

"Mimi Angelina," alisema. "Nimekuja kumwona kaka yangu. Mrefu, hakai kula."

Nilimwambia, "Inasio."

Akatikisa kichwa. "Hilo la vita. Walipewa majina msituni ili ndugu zao nyumbani wasidhurike. Mama alimwita Nandonde."

Nilifikiria miaka yote ile ya chokaa, brashi yako ikifuata herufi za jina ambalo mama yake asingeligeukia hata mwanawe akiitwa nalo sokoni. Nikamwambia, "Tusamehe, dada. Mume wangu hakujua."

"Angejuaje?" akasema. "Sisi tuliletewa habari kwamba amekufa nchi ya jirani. Hiyo tu. Mama amekufa anauliza wapi. Mwaka huu ndiyo tunaambiwa kuna mtu alimjengea, alikuwa anakuja kila mwaka." Akanitazama. "Kila mwaka kweli?"

"Kila mwaka," nilisema. "Mpaka alipougua."

Alilia, nami nikalia, na kipaza sauti kikapona, na mgeni rasmi akaendelea.

Watu walipokwenda kula pilau, sisi tulikwenda mnarani. Hapo ndipo nilipozivuka hatua zako thelathini, nimeshikwa mkono na mtu niliyemjua kwa saa moja. Fundi alikuwa anasakafia ukingo wa chini, hakuwa amemaliza. Angelina akaligusa jiwe, akalisoma lile Inasio kwa kidole. Fundi akasema kwa masikitiko kwamba jiwe limeshachongwa, haliwezi kubadilishwa. Angelina akasema lisibadilishwe, wenzake walimjua kwa hilo. Aliomba tu msumari. Akapiga magoti, na kwenye saruji mbichi chini ya jiwe akaandika polepole NANDONDE, herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimemsimulia Deo tulipokuwa tunapanda, sijui kwa nini, jina lilitoka lenyewe. Akaninyooshea msumari. "Na wa kwako, dada. Saruji bado haijakauka."

Fundi alitazama pembeni. Hapakuwa na wa kunizuia, Baba Zuhura. Wewe uko chini, ndugu zako wako kwenye pilau. Nilichukua msumari nikapiga magoti pale ulipokuwa unapiga magoti wewe. Nafasi ilikuwepo ya kutosha. Nilikuwa nimeidai miaka kumi na minane.

Sikuandika. Nilitazama majina yale manne, watu waliokuwa wakiamka na mzinga na kulala na mzinga, nikamwona Deo ameziba masikio. Angekaa vipi pale? Amezungukwa na watu wema asiowajua, katika shamba la watu wa pwani, chini ya mdomo wa chuma. Hukumfukuza, mume wangu. Hukuwa na maneno mazuri ya kusema, hukuwahi kuwa nayo, lakini hukumfukuza. Ni mimi niliyekuwa nakuomba wewe ufanye kazi ya dada yake.

Nilimrudishia Angelina msumari. Nikamwambia, "Wa kwangu ana kwao."

Aliondoka jioni ileile na wenzake. Tulipeana namba za simu, ameshanitumia picha ya nyumba yake na mkorosho wake. Mimi nilipita kaburini kwako nikakaa kidogo, lakini Ramadhani alikuwa ananisubiri na giza lilikuwa linakuja, sikuweza kukueleza yote. Ndiyo maana ya barua hii.

Kesho kutwa nasafiri kwenda Kagera. Zuhura hakupata ruhusa kazini, amenisihi nisubiri likizo yake, nimemwambia nimesubiri vya kutosha. Ufunguo nimempa mama wa dukani, kuku nimewahamishia kwake. Ramadhani ameahidi kwamba chokaa ya mwaka huu atapaka yeye, nami namwamini. Nitakaa wiki tatu, pengine zaidi. Kibanja chetu sasa kinalimwa na mtoto wa shangazi, na amenionyesha kwa simu mahali panapofaa, upande wa nyumba ambako mama alikuwa anaanika maharage.

Jana nilizungumza na fundi wa kule. Kijana mstaarabu, aliniamkia vizuri. Aliniuliza jina, nikamtajia herufi kwa herufi. Aliniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikampa. Ya kufa, nikamwambia hatuijui, aache wazi. Akauliza, "Na chini yake niandike nini, bibi? Watu huwa wanaweka neno. Alikuwa askari?"

"Hapana."

"Mkulima?"

"Hakuwahi kufika kulima. Andika kwamba alikuwa na dada."

Lala salama, Baba Zuhura.

Mkeo,
Mama Zuhura